Mwili Niliorithi kwa Baba

Bibi mzaa mama ndiye aliyetulea sisi wawili, mimi na binti wa mama mdogo, katika nyumba ya mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, iliyokuwa na ua wa simenti na bomba lililotoa maji pale lilipojisikia. Mama zetu walikuwa wachuuzi wa vitenge, leo wako Uvira ng'ambo ya mpaka, kesho wako Bujumbura, na sisi tuliwaona zaidi migongo kuliko nyuso. Baba yangu alifariki nikiwa bado sijaanza kutambaa. Watu wake walikuwa wa Ruziba, kule kusini kando ya ziwa, lakini vita vilipokuja walikimbilia Tanzania, na habari zao zikakatika. Nyumbani kwetu hawakutajwa tena.

Mimi na dada yangu, maana hivyo ndivyo nilivyomwita na ndivyo ninavyomwita hadi leo, tulizaliwa mwaka mmoja. Tulikula sinia moja, tukalala mkeka mmoja, tukashonewa nguo za Idi kwenye kitambaa kimoja. Kitambaa kilichomtosha yeye na kubaki, mimi kilinibana mabegani. Yeye alikuwa kama njiti ya ufagio. Mimi nikifika miaka tisa nilikuwa tayari navaa viatu vya mama.

Mtaani walinipa jina la Lori. Hilo sikulijali sana, kwa sababu watoto wa mtaa wa magareji hawakosi kukupa jina la gari. Kilichoniuma ni bibi. Nyumba yetu haikuwa na chakula cha kunenepesha mtu. Ilikuwa bugali ya muhogo, maharage, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, yaani dagaa, zikipatikana. Bibi alikuwa ndiye mpakuzi, na alijua kila tonge lilikokwenda. Basi akiniangalia mimi, kisha akimwangalia dada, hesabu ilikataa.

"We mutoto," aliniuliza, "unakulaka wapi?"

"Hapa tu, bibi."

"Apana. Kula ya hapa naijua. Angalia mwenzako."

Akaanza kufunga kabati la sukari na samli kwa kufuli. Halafu akaanza kunifuata. Kuna mchana mmoja, natoka shule, nikaona ncha ya kanga ya bibi nyuma ya gari bovu lililokuwa limepandishwa juu ya matofali, mbele ya gareji. Pembeni yake alikaa mama muuza sambusa. Bibi alikuwa amejificha aone kama nitanunua. Nilipita bila kugeuza shingo, tumbo linanguruma kwa harufu ile, nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikakaa kwenye mkeka. Bibi akaingia nyuma yangu, anahema.

"Leo umeniona, ndiyo maana hukununua," akasema.

Ukiwa mtoto na mtu mzima unayempenda amekwisha kuamini kwamba unaiba, unaanza kujipekua mwenyewe. Nilikuwa najiuliza kama kweli naamka usingizini nakwenda kula bila kujijua. Kwa miaka mingi sana nilikula mbele za watu kama mtu anayeomba radhi.

Nilijifunza cherehani, nikaolewa na fundi wa magari mtu mpole, nikazaa binti mmoja, nikafungua kibanda cha kushonea mtaa wa Bwiza. Nyumba yetu iko Musaga, juu kidogo, ambako ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Asubuhi nilipanda bisi, nikashuka karibu kabisa na kibanda, nikakaa kwenye kiti changu hadi jioni, nikapanda bisi nyingine. Kazi ya kushona haina kutembea. Mguu unakanyaga cherehani, lakini matako hayaondoki kitini.

Mwili ukaendelea kuongezeka. Harusini wanawake walinisifu, "Dada, umependeza, mume anakutunza," maana kwetu mwanamke mnene bado ni dalili ya nyumba yenye neema. Mimi nikirudi nyumbani nafunga rejime, najinyima chakula nipungue. Nimefunga rejime ya kabichi, ya maji ya ndimu, ya kutokula jioni, ya kula matunda tu. Kila moja ilinipunguza kidogo, na kila moja ilinirudishia nilichopoteza na nyongeza juu. Dada, ambaye alikuwa na kibanda cha mafuta ya kujipaka na manukato mlango wa pili na wangu, alikuwa akija na sahani ya wali na nyama, anakula amesimama, anazungumza, na mfupa wa bega unaonekana chini ya blauzi. Ukimwona utadhani hajala tangu Ramadhani.

Siku niliyoanguka nilikuwa nashona gauni la bibi harusi. Nilikuwa kwenye rejime ya maji ya ndimu, siku sijui ya ngapi. Nakumbuka kitambaa cheupe kinaanza kuwa cheusi pembeni, kisha nakumbuka sauti ya dada ananiita kwa jina la utotoni, "Lori! Lori, amka!" Alinimwagia maji usoni, akaniinua yeye na wanawake wengine wawili, akanipeleka kliniki.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu usogee ili usikie. Alinitoa damu, akanipima presha, akanipima uzito. Nilifumba macho kwenye mizani kama mtu anayechomwa sindano. Dada alikuwa amekaa pembeni anatania, "Dokta, mupime vizuri huyu, mimi sina kitu, mimi ni mifupa tu."

Daktari akatabasamu. "Na wewe njoo. Mkono tu."

Alipomfunga dada kile kitambaa cha presha, akapima, akapima tena mkono wa pili. Kisha akamwambia apumzike kidogo ampime mara ya tatu.

"Presha yako iko juu," akamwambia. "Juu kuliko ya huyu unayemcheka."

"Mi?" dada akasema. Alijitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. "Dokta, mi naingia kwenye nguo za binti yangu!"

"Presha haipimi nguo."

Kwangu mimi, presha ilikuwa ya kawaida. Sukari ndiyo iliyokuwa imepanda. Haikufika pa kuitwa ugonjwa, alisema, lakini ilikuwa njiani. Akaniuliza upande wa mama kuna mwenye sukari. Nikasema hakuna, wote ni wembamba, bibi yangu amepita miaka themanini na anachuchumaa kufua.

"Na upande wa baba?"

"Siwajui."

"Hujui kama wapo, au hujui afya zao?"

"Sijui lolote, dokta."

Akaweka kalamu chini. "Basi ukipata wa kumwuliza, uliza. Mwili haukuja peke yake. Na hiyo rejime yako acha leo. Umeona inakokupeleka."

Nilitoka pale na hofu. Nilikuwa nimewahi kumwona jirani aliyekatwa mguu kwa sukari, na usiku na mchana nilikuwa nautazama mguu wangu.

Aliyenifungulia mlango ni mama muuza ndagala. Alikuwa anatoka Ruziba na beseni lake, anapita mbele ya vibanda vyetu. Siku moja nilikuwa nimesimama nje nakung'uta vipande vya kitambaa, nimempa mgongo. Nikasikia ananiita kwa jina la mtu mwingine. Nikageuka. Akashika mdomo.

"Samahani, mama. Nimekufananisha na jirani yangu. Mgongo ni ule ule. Hata namna unasimama, mguu mmoja mbele."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza. Nilimtajia jina la baba. Akaweka beseni chini.

"Huyo mama alikuwa na kaka yake wa jina hilo," akasema. "Alikufa zamani, kabla ya kukimbia. Waliporudi kutoka Tanzania walimtafuta mutoto wake Buyenzi, wakaambiwa nyumba ilihama."

Kweli tulikuwa tumehama, barabara tatu tu kutoka pale pa mwanzo. Kwa miaka yote hiyo shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa hai, umbali wa bisi moja.

Niliondoka Ijumaa asubuhi kwenda Ruziba. Wakati ule esansi, petroli ya magari, ilikuwa imeadimika mjini. Magari yalipanga foleni kwenye vituo hadi yakaota vumbi, na bisi zilikuwa chache, watu wamejazana kwenye vituo wanatazama barabara. Nilipata moja kwa kupigania mlango. Kabla ya kufika, dereva akasimama, akatuambia tushuke, mafuta yaliyobaki ni ya kumrudisha tu. Watu wakanung'unika, wakashuka, wakaanza kutembea. Nami nikatembea, jasho linanitoka, viatu vimenibana, najilaumu kwa nini nilivaa vya kupendeza.

Karibu na Ruziba, mbele yangu, kulikuwa na mwanamke mtu mzima anatembea na jembe begani na kikapu cha muhogo kichwani. Nilikuwa namfuata bila kumfikia. Mabega yake mapana, kiuno kinene, miguu kama nguzo za baraza. Alikuwa anatupa mguu wa kulia nje kidogo kila hatua. Nikajitazama miguu yangu nikaona nami nafanya vile vile. Nilijua kabla sijauliza. Nilikuwa nautazama mgongo wangu mwenyewe, ambao mtu hapati kuuona maishani.

Nikamwita, "Shangazi!"

Mwanamke yeyote wa umri ule ungemwita hivyo, na akageuka kwa adabu tu, tayari kunielekeza njia. Halafu akaniona. Aliteremsha kikapu polepole, akalaza jembe, akanijia, akanishika mashavu kwa mikono yenye udongo.

"Ni yeye," akasema, akiwaambia watu ambao hawakuwepo. "Uyu ni mutoto wa kaka yangu. Angalia sura. Angalia mikono. Ni mama kabisa!"

Alikuwa na maana ya mama yake, bibi yangu mwingine. Tukalia pale barabarani, wanawake wawili wanene tumeshikana, wapita njia wanatuzunguka. Kisha akabeba tena kikapu chake. Nilipotaka kumsaidia akaniambia nibebe jembe, akaenda mbele, na ilinibidi nimwombe apunguze mwendo. Ana miaka sabini na kitu.

Nyumbani kwake alinipa bugali na samaki wa mukeke wa kuchoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu aliniongezea chakula bila kunitazama tumbo. Alinieleza habari za ukoo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkubwa hivi hivi. Watoto wake wa kike wote walikuwa hivi hivi, na baba yangu pia. "Alikuwa anajaza mlango," shangazi alisema, akicheka. "Kambini kule Tanzania chakula kilikuwa cha kupimiwa. Watu wote walikonda. Sisi tulikonda kidogo tu. Watu wakasema tuna chakula cha kuficha!"

Nilimshika mkono. "Waliwaambia hivyo?"

"Kabisa. Walikuja hadi kupekua hema."

Nikacheka hadi machozi yakanirudi tena. Sikuweza kumweleza pale pale kwa nini. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu utotoni kilikuwa kinashuka, kwa uzito wake, na nilikuwa nasikia kinavyoshuka. Sikuwahi kuiba. Sikuwahi kuamka usingizini. Watu hawa walikuwa wamenitengeneza hivi kabla bibi hajanunua kufuli.

Lakini nilikuwa nimetumwa na daktari, kwa hiyo niliuliza na lile lingine, la sukari. Mdogo wake shangazi, mwenye mwili kama wake, alichukuliwa na mtoto wake wa kiume waliporudi, akakaa naye mjini. Mtoto alikuwa na kazi nzuri, akamwambia mama asifanye kitu tena, amechoka vya kutosha. Akamnunulia kiti cha sofa na televisheni. "Alikaa," shangazi alisema. "Sukari ikamupata. Wakamukata kidole, halafu mguu, halafu tukamuzika."

"Na wewe, shangazi? Umewahi kupima?"

"Wale wa kituo cha afya wanatupimaka. Wanasema sina." Akainua mabega yale mapana. "Mi sijui ni kwa nini. Labda ni shamba. Labda ni Mungu tu."

Nilirudi kwa daktari na habari zangu kama mwanafunzi aliyefanya kazi ya nyumbani. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwamba kwa watu wawili tu huwezi kutoa hukumu, pengine mdogo wake shangazi angeugua hata shambani. Lakini akasema habari hiyo inaendana na anayoyaona kila siku. Kuna watu miili yao imezaliwa na tabia ya kuweka akiba, njaa yao inawahi, mafuta yao hayatoki upesi. Hawajajichagulia. Mama na baba ndio waliowapa, kama walivyowapa rangi na sauti. Wengine, kama dada yangu, wanakula na mwili unatumia.

"Sasa ndiyo nimehukumiwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Ulichozaliwa nacho ni sehemu moja tu. Mwili wa kukaa na mwili wa kutembea haifanani, hata ikiwa ya damu moja. Ukitembea kila siku, ile akiba inapata kazi. Sukari inapata pa kwenda." Akanitazama usoni. "Ila sikuahidi kwamba utakuwa kama dada yako. Utakuwa wewe, mwenye nguvu. Hilo linakutosha?"

Nilifikiri kidogo, kwa uaminifu. Nikasema linanitosha.

Sikuhitaji kujilazimisha sana, maana mji mzima ulikuwa unatembea. Esansi haikurudi. Asubuhi barabara ya kuteremka kutoka Musaga ilijaa watu: wanafunzi, makarani wenye mikoba, akina mama na mabeseni, wote kwa miguu. Nikaingia kwenye mkondo huo. Mara ya kwanza nilifika Bwiza nikakaa sakafuni, siwezi kuuza hata uzi. Jioni kupanda ule mlima kulinitoa pumzi, nikawa nasimama kila baada ya nyumba chache najifanya natazama ziwa. Mume wangu, ambaye gareji lake lilikuwa limejaa magari yasiyo na esansi ya kujaribia, alianza kunisubiri chini ya mlima tupande pamoja. Dada, aliyepewa vidonge na amri ya kutembea, alilalamika njia nzima.

"Mi nitembee nipunguze nini?" alikuwa anauliza. "Wewe una cha kupunguza!"

"Punguza maneno," nikamwambia.

Baada ya wiki kadhaa nikagundua kwamba nimepanda mlima wote nikiwa nazungumza. Hakuna aliyenipongeza, na sikumwambia mtu. Nilifika mlangoni, nikavua viatu, nikaona kwamba sijachoka.

Idi ilipofika nilimwalika shangazi Buyenzi. Bibi nilikuwa nimemweleza habari zake, lakini alikuwa amezisikiliza kwa sikio moja. Kwa umri wake hapendi ndugu wapya. Shangazi akaingia uani na kikapu cha mihogo na kuku mzima, akajaza mlango, akasema, "Asalaam aleikum, mama," ingawa yeye ni Mkristo, kwa heshima. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake. Akainua macho. Akamtazama shangazi kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akanitazama mimi niliyesimama kando yake, kisha akarudi kwa shangazi. Dada akaanza kucheka chini chini.

"Karibu," bibi akasema hatimaye. "Kaa karibu na mimi."

Tukaleta pilau. Shangazi alikula kidogo kuliko dada, na bibi alikuwa anaangalia, naye hakuficha kwamba anaangalia. Baadaye, wageni walipokuwa wanakunywa chai, aliniita nimsaidie kunawa. Nikammiminia maji. Alinawa kwa muda mrefu.

"Nilikuonea," akasema, bila kuinua kichwa. "Nilikuwa naogopa. Nilidhani unaiba kwa watu, watakuja wakupige."

Hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba alijificha nyuma ya lile gari kwa hofu. Nikamwambia yameisha. Na kweli yaliisha, pale kwenye beseni.

Tulirudi kwa daktari mimi na dada msimu wa mvua ulipokaribia kwisha. Nilipanda mizani macho wazi. Uzito ulikuwa umepungua kidogo tu, kiasi ambacho mshonaji kama mimi angekipata kiunoni mwa sketi na mtu mwingine asingekiona. Moyo ukataka kuvunjika. Daktari hakuutazama sana uzito. Alikuwa anasoma karatasi ya majibu ya labo.

"Sukari imerudi mahali pake," akasema.

"Mahali pake wapi?"

"Pa mtu mzima wa afya. Endelea hivyo hivyo. Usiache."

Nilimwomba arudie, kwa ile sauti yake ndogo, akarudia. Dada presha yake nayo ilikuwa imeshuka, na mizani ikasema ameongezeka kilo. Alishuka haraka kama imemwuma.

"Dokta, hii mashine ni mbovu!"

"Ni misuli na hamu ya kula," daktari akamwambia. "Hongera."

Nje jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, matope yamejaa njiani. Bisi moja ilipita, na kwa ajabu ilikuwa na nafasi. Kondakta akatupungia mkono, akapiga bati la mlango, akatuita mama, mama, twende. Dada akanitazama, nikaona anatamani. Nikaiacha bisi iende, nikakunja sketi kidogo nisiichafue, nikavuka dimbwi, na yeye akanifuata akilalamika, hadi tukafika Bwiza kabla vibanda vyetu havijapata mteja wa kwanza wa mchana.